Karatasi Aliyoisoma Mama Aline

Aline alinitumia ujumbe mwezi uliopita. Amemaliza chuo cha uuguzi, kutakuwa na sherehe nyumbani kwao Houston siku ya Jumamosi, na mama yake amesema nisipofika atanifuata mwenyewe Dallas na mwiko mkononi. Niliusoma ujumbe ule nikiwa kwenye foleni dukani, nikasogea pembeni kuwapisha watu, nikabaki nimesimama mbele ya friji za maziwa kwa muda ambao mtu mzima hana sababu ya kusimama mbele ya maziwa. Mara ya mwisho kuonana na Aline alikuwa na miaka kumi na tatu, amesimama mlangoni kwangu kule Euless na bakuli la bluu lililofunikwa kwa sahani. Bakuli lile sikulirudisha. Nimelihamisha nyumba tatu, na kila ninapolifunga kwenye gazeti najiambia safari hii nitalipeleka. Watu wakiniuliza nilianzaje kazi ya michezo ya video, huwa nawasimulia habari za ndara za ofisini na Wajapani walioniinamia mlangoni mpaka na mimi nikainama nikagonga kichwa kwenye kitasa. Wanacheka, na mimi nacheka nao. Mengine ya mwaka ule sijawahi kuyasimulia, maana yananitia aibu, na si aibu ile ya kuchekesha.

Ilikuwa mwaka 2018. Kampuni ilikuwa ya Kijapani, na tawi lake dogo lilikuwa kaskazini mwa Dallas, ghorofa ya tatu, juu ya daktari wa meno. Ukiingia unavua viatu, unavaa ndara za kijivu zenye jina lako. Kila asubuhi saa tatu kamili tulisimama kwa duara, watu kama ishirini na tano, na kila mmoja alisema jana alifanya nini, leo atafanya nini, na nini kinamsumbua. Nyuma ya mkuu wetu wa kiufundi, Bwana Hayashi, kulikuwa na skrini kubwa, na juu yake majina ya sisi tuliokuwa tunaandika programu, na mbele ya kila jina idadi ya kasoro zilizopatikana kwenye kazi yake. Hakuna aliyekaripiwa kwa idadi ile. Bwana Hayashi alikuwa mpole, mwembamba, mwenye sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, na alisema namba zile ni za kutusaidia. Lakini mimi nilikuwa kwenye miezi sita ya majaribio, kibali changu cha kukaa nchini kilikuwa kinaning'inia kwenye kazi ile, na nilipoiangalia skrini niliona tiketi ya ndege ya kurudi nyumbani. Wiki ya kwanza tu jina langu lilikuwa na kasoro kumi na nne. Aliyekuwa karibu yangu, Mmarekani mmoja kijana, alikuwa na mbili.

Nilikuwa napanga chumba na jiko Euless, kwenye yale maghorofa ya karibu na uwanja wa ndege, ambako ndege zikipita unasitisha maneno na kuyaendeleza zikishapita. Mlango wa pili alikaa Mama Aline na mume wake na watoto watatu. Walikuwa Wakongo kutoka Uvira, wamepitia kambini miaka mingi, wameletwa kwanza Haltom City kisha wakahamia Euless kufuata kazi. Nilipomwamkia shikamoo siku ya kwanza alicheka mpaka akashika ukuta. Kwao salamu hiyo haikuwapo, akaniambia, "Weye Mutanzania, unanifanya nasikia kama nko kizee." Lakini alikuwa amenizidi miaka zaidi ya kumi, na mimi sikuiacha shikamoo, na baada ya wiki chache akawa anaidai. Alikuwa anafanya kazi kwenye ghala la mizigo, kupanga makartoni, na mgongo ulikuwa umeanza kumkataa. Kampuni yetu ilipotafuta kwa wakala watu wa kujaribu mchezo, yaani kucheza sehemu moja hiyohiyo siku nzima na kuandika kila kinachoharibika, mimi ndiye niliyempelekea habari. Akasema, "Miye sijue mambo ya jeu, kaka. Miye najua makartoni." Nikamwambia ni kitu kilekile, kurudiarudia bila kuchoka. Nilisema kwa utani, ila ikawa kweli.

Chumba cha wajaribu mchezo kilikuwa mwisho wa korido, mapazia yamefungwa, televisheni sita zinawaka. Wengine wote mle walikuwa vijana waliopenda michezo tangu utotoni, na ndiyo maana walikuwa wabovu kwa kazi ile: walicheza ili washinde. Mama Aline hakujali kushinda. Mchezo wetu ulikuwa wa kujenga mji mdogo wa wanyama, unapanda miti, unajenga nyumba, unamkaribisha sungura, na yeye alikuwa anamwingiza sungura mlangoni na kumtoa, anamwingiza na kumtoa, mpaka siku sungura akakwama ukutani. Hapo anachukua daftari lake, la shule, lenye picha ya farasi kwenye jalada, alilopewa na Aline, anaandika. Kwanza kwenye daftari, kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kifaransa, halafu ndiyo anaingiza kwenye kompyuta kwa Kiingereza. Ndani ya mwezi mmoja alikuwa anapata kasoro nyingi kuliko wote. Na nyingi kati ya hizo, kwa bahati yangu mbaya, zilikuwa zangu, maana mimi nilipewa sehemu ya nyumba na milango na kuhifadhi mchezo.

Tulikuwa tunakula pamoja mchana. Yeye ndiye aliyekuja na chakula, sombe, yaani kisamvu, na ndagala, dagaa wao, na bugali uliofungwa kwenye nailoni, na mimi nilikuja na njaa. Hata hapo nina la kujutia. Nilimwomba asipashe ndagala kwenye mikrowevu ya ofisi, nikimwambia Wajapani hawapendi harufu, wakati Wajapani wenyewe walikuwa wanapasha samaki mle kila siku. Aliyekuwa hapendi harufu ile mbele ya wenzake ni mimi. Tukawa tunakula baridi. Siku moja ya mwezi wa pili, tumekaa pembeni ya dirisha, akaniambia amepata kasoro zangu tatu. Nikameza tonge, nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida kwa kuwa hapakuwa na wa kutuelewa, "Mama Aline, nikuombe kitu. Zile za kwangu usiziandike kwenye kompyuta. Niambie mimi kwanza hapa, nazirekebisha jioni hiyohiyo. Zikishindikana ndiyo u-report." Akaniangalia. "Banatuambiaka tuandike zote." "Najua. Lakini ile skrini itanifukuzisha. Wewe mwenyewe unaiona kila asubuhi." Akakunja nailoni ya bugali taratibu, akasema, "Bon. Tuko ndugu. Nitakuambia kwanza."

Ndivyo tulivyoishi. Kila mchana alifungua daftari la farasi, ananisomea, mimi nasikiliza huku nakula, jioni narekebisha kimyakimya. Jina langu kwenye skrini likaanza kupungua uzito. Mwezi wa nne Bwana Hayashi alinisifu mbele ya duara, akasema Idi-san, ndivyo walivyoniita kwa heshima, anaandika kazi safi, wengine wakapiga makofi, na nikamwona Mama Aline upande wa pili naye anapiga makofi, ametabasamu kwa furaha ya kweli kabisa. Yeye idadi yake ya kasoro alizopata ilikuwa imeshuka, maana za kwangu zilikuwa haziingii kwenye hesabu. Hilo nililiona. Nisingependa kudai leo kwamba sikuliona.

Halafu ikaja ile moja. Aliniambia akiwa anasimama kuondoka mezani, kama mtu anayekumbuka kuzima jiko. "Na ingine, Kaka Idi. Ile manette, batri ikiisha wakati iko nasave, byote binakufa. Mji yote. Hata nyumba moja haibaki." Manette ndiyo padi ile ya kushika mkononi. Nikamwuliza amejuaje, akasema ametoa betri kwa makusudi wakati alama ya kuhifadhi inazunguka, amerudia mara nane. Nikamwambia nitarekebisha kesho. Kesho yake nikaangalia, nikaona ili kuirekebisha lazima niguse sehemu aliyoiandika Bwana Hayashi mwenyewe, na ili kuigusa lazima nimwombe, na nikimwomba ataniuliza nimejuaje wakati haipo kwenye orodha. Nikajiambia hakuna mtu duniani ambaye betri zitamwishia ndani ya zile sekunde mbili. Alipouliza tena wiki iliyofuata nikamjibu, "Ile imekwisha, usijali." Akaikata kwa mstari kwenye daftari.

Mwezi wa tano alikuja mzee kutoka makao makuu Japani, Bwana Kuroda, ambaye ndiye aliyebuni mchezo wenyewe. Hakutaka maonyesho wala hotuba. Aliomba chumba, televisheni na chai, akaanza kucheza tangu asubuhi kama mtoto aliye likizo, na sisi tukawa tunapita nje ya kioo tukijifanya tuna shughuli. Alijenga daraja. Alipanda safu ya miti kando ya mto, akaing'oa, akaipanda upya ikae sawa. Alikataa kwenda kula na wakubwa, akaletewa wali wa kwenye boksi, akala kwa mkono mmoja. Baada ya chakula, akiwa anahifadhi mji wake, padi ikazimika. Walipoiwasha tena palikuwa na uwanja mtupu wa majani, na wimbo wa kumkaribisha mchezaji mpya. Mzee aliweka padi juu ya meza kwa mikono miwili, akaitazama televisheni kidogo, akamwuliza Bwana Hayashi jambo moja kwa Kijapani. Masikio ya Bwana Hayashi yakawa mekundu kama nyanya. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe.

Tulikusanywa kwenye chumba kidogo cha mikutano, sisi wachache tuliohusika. Bwana Hayashi hakuuliza nani kaandika, kila mtu alijua. Aliuliza swali ambalo kwao ndilo zito zaidi: ilipitaje bila kuonekana? Akafungua orodha ya kasoro, akatafuta, hakuna. Akauliza nani alijaribu sehemu ya kuhifadhi. Mama Aline akanyoosha mkono kama darasani. Alikuwa amekaa mbele yangu, daftari la farasi lipo mapajani, na kiganja chake kimelala juu ya farasi. Mle ndani ya daftari palikuwa na maneno yote, na tarehe, na jina langu. Aliniangalia. Nasema aliniangalia, si mara moja, na mimi nikaanza kusoma maandishi ya kwenye chupa yangu ya maji, mpaka leo nakumbuka ilikuwa na madini gani. Basi akamgeukia Bwana Hayashi akasema kwa Kiingereza, "Sikuiandika. Ni kosa langu, sikuiandika." Hakudanganya hata neno. Na mimi, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichokisikia kifuani kilikuwa nafuu.

Kampuni ilikuwa na desturi yake kwa jambo kama hilo. Waliiita hansei. Aliyekosea anaandika karatasi kwa mkono, kilichotokea, kwa nini, kimemsumbua nani, na atafanya nini kisitokee tena, halafu anaisoma mbele ya duara asubuhi. Bwana Hayashi mwenyewe alishawahi kusoma yake, na mtu akimaliza wote wanainama kumshukuru, na jambo linaishia hapo, halitajwi tena. Mama Aline alipewa siku mbili. Siku zile mbili hatukula pamoja, nilisingizia kikao. Siku ya tatu, saa tatu kamili, akatoka mbele amevaa kitenge cha kijani alichokuwa anavaa kanisani, na ndara za kijivu. Akasoma taratibu sana. Neno, kimya. Neno, kimya. Vijana wa chumba cha mapazia waliangalia chini kwa huruma, na mimi nilisikia joto la aibu shingoni, lakini ilikuwa aibu kwa ajili ya Kiingereza chake, hebu fikiria. Nilitamani amalize. Alipofika mstari wa mwisho alinyamaza kabisa. Akainua macho kwenye karatasi, akabaki amesimama, saa ya ukutani inasikika. Nikaona amekwama. Nilijua neno linalofuata lilikuwa gumu, nilikuwa nimeliona kwa mbali kwenye karatasi yake, kwa hiyo nikainama mbele kidogo nikamnong'oneza, "Responsibility." Akanitazama. Kisha akalisema, akamaliza, watu wakainama. Nami niliinama, na nitasema lililo kweli: nilijiona nimemsaidia.

Siku ile mchana Bwana Hayashi alinikuta koridoni karibu na kabati la viatu. Akaniuliza kwa sauti yake ile ndogo, "Idi-san, wewe huna kitu cha kuandika?" Nilimjibu hapana. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa basi limeshapita, akaondoka. Nadhani alijua. Sijui alijuaje, labda kwa kuwa aliifahamu sehemu ile ya programu na alijua mtu akiigusa kidogo tu ataiona kasoro ile. Kwa Wajapani jambo lilikuwa limeisha. Kwa Wamarekani waliosimamia ajira lilikuwa ndiyo limeanza. Wiki mbili baadaye nilikuwa jikoni nasubiri chai, mlango wa meneja wa ofisi uko wazi, nikamsikia akizungumza na mtu wa wakala kwenye simu. Alisema mama yule ni mtu mzuri, kila mtu anampenda, lakini ameandika mwenyewe kwa mkono wake kwamba hakufanya kazi yake, karatasi anayo kwenye faili, mkataba ukiisha mwisho wa mwezi wasiuongeze. Nilisimama pale na kikombe. Hatua sita zilinitenganisha na mlango ule, na miezi yangu sita ya majaribio ilikuwa imebakiza siku tisa. Nikatia sukari. Nikakoroga. Nikarudi kwenye meza yangu.

Mama Aline alirudi ghalani. Sikumsikia akilalamika, ukuta wetu ulikuwa mwembamba na ningesikia. Nilichosikia asubuhi ni mume wake akimwambia, "Lala kwanza, mugongo ipumzike," na yeye akijibu watoto watachelewa shule. Mimi nilianza kuegesha gari upande wa pili wa maghorofa ili nisipite mlangoni kwake. Nilipothibitishwa kazini, kampuni ikaniletea keki, nikaipiga picha, nikaiweka kwenye status ya simu watu wote waione, na nikasahau kwamba na yeye ni miongoni mwa watu wote. Jioni Aline akagonga. "Mom said congratulations," akasema, maana watoto wale walikuwa wanakujibu kwa Kiingereza hata ukiwaamkia kwa Kiswahili. Bakuli la bluu, sombe na ndagala, ya moto. Ningekuwa na heshima yoyote ningelirudisha bakuli siku hiyohiyo na kusema ninachopaswa kusema. Nilikula yote nimesimama jikoni, nikafuta bakuli kwa kidole, na mwezi uliofuata nikahamia Garland, mbali na kazi na karibu na mtu yeyote asiyenijua. Baadaye nikasikia wamehamia Houston, anatunza wazee.

Jumamosi ile nilishika njia ya Houston na bakuli kwenye kiti cha abiria, nimelifunga mkanda kama mtu. Nyumba ilikuwa imejaa, watu hadi gereji, na Mama Aline alinipokea kwa kelele. "Shikamoo yangu iko wapi?" Nikampa. Amenenepa kidogo, anatembea akishika kiuno. Aliwaambia wageni huyu ndiye kaka yetu wa Dallas, ndiye alinitoa kwa makartoni akanitia kwa kompyuta, na watu wakanishika mikono yote miwili, na Aline katika nguo zake nyeupe za uuguzi akanikumbatia. Kadiri walivyonisifu ndivyo nilivyozidi kupungua. Nilimfuata jikoni. Alikuwa peke yake anasugua sufuria. Nikaweka bakuli juu ya meza, nikasema niliyokuja kuyasema, nimeyapanga njia nzima na yote yakatoka vibaya: kwamba nilimwambia imekwisha na haikuwa imekwisha, kwamba nilisikia kwenye simu nikanyamaza, kwamba daftari niliona. Hakugeuka mara moja. Alilichukua bakuli, akaliosha ingawa lilikuwa safi, akalikausha.

"Daftari iko fasi fulani humu," akasema. "Sikutaka kukuchoma. Nilitaka useme weye mwenyewe."

"Nilikuwa naogopa, Mama Aline."

"Najua. Kila mutu alikuwa anaogopa." Akaliweka bakuli kwenye kabati pamoja na wenzake, akafunga mlango wa kabati. "Lakini nikuambie kintu moja. Anglais yangu, ile Kingereza, haikukuwa mubaya vile. Ile karatasi nilikuwa nimeisoma na Aline siku mbili, niliijua kwa kichwa. Nilisoma polepole juu upate nafasi ya kunikata maneno. Nikafika ku mustari ya mwisho, nikasimama, nikangoja. Na weye kweli ukafungua kinywa." Akaifuta mikono kwenye kitenge. "Nikasema, Mungu, asante, sasa anasema. Ukanipa responsibility."